Siti binti Saad: tunamsikia yeye au tunasikia faili?

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuzungumze muziki. Ni habari ya mama mmoja aliyefariki mwaka 1950, ambaye baadhi yenu mnazo nyimbo zake kwenye simu bila hata kumjua vizuri.

Kisa kilianza hivi. Juzi nilikuwa kwenye kafe moja ya intaneti, nasubiri mashine. Kijana aliyekaa jirani yangu alikuwa anamsikiliza Siti binti Saad, spika wazi, kafe nzima tunasikia. Akaanza kucheka. Akamwambia mwenzake eti huyo bibi anaimba kama amefungiwa ndani ya debe. Mwenzake naye akacheka, wakahamia kwenye bongo fleva. Mimi nikachungulia jina la faili kwenye kioo: sitti_bint_sadi_03_nzuri. Moyo ukanilipuka paa. Jina hilo nililiandika mwenyewe mwaka 2006, na makosa yake yote ya tahajia. Aliyemfungia yule bibi ndani ya debe ni mimi.

Nitaeleza nilivyofanya. Lakini kwanza tumjue huyo tunayemcheka.

Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha pwani huko Unguja, mnamo mwaka 1880 hivi. Siti halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wazazi wake walikuwa watu wenye asili ya bara, watumwa, na mtoto naye akaitwa Mtumwa. Hebu fikiria, unaitwa jina na papo hapo unakumbushwa hali yako. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1897, yaani binti huyu keshakuwa mkubwa. Shule hakwenda. Kusoma na kuandika hakujua. Kwao kazi ilikuwa kufinyanga vyungu, na yeye akawa anavipeleka mjini kuviuza, huku akinadi njiani. Inasimuliwa kwamba huko kunadi vyungu ndiko kulikomkomaza sauti.

Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja, upande wa Ng'ambo. Mnaojua Zanzibar mnajua maana yake. Mji Mkongwe ndiko kwenye majumba ya mawe na wakubwa; Ng'ambo ndiko walikoishi wachukuzi, wachuuzi, na waliotoka utumwani wakitafuta pa kuanzia. Huko akakutana na mwanamuziki aitwaye Muhsin Ali, ambaye alimsikia, akaona hapa kuna kitu, akamfundisha kuimba na ala, na kuimba kwa Kiarabu vilevile. Kwa kuwa hakuwa anasoma, nyimbo zote alizishika kichwani. Ni mjini huko alikopewa jina la Siti, jina la heshima analoitwa bibi, mwanamke muungwana. Kutoka Mtumwa hadi Siti. Hakurithi jina hilo wala hakulinunua, alilipata kwa koo lake.

Taarabu ya wakati ule ilikuwa mambo ya ikulu. Ilikuwa burudani ya Sultani na wageni wake, na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliimba huko pia, tena sana. Lakini kilichomfanya apendwe ni kwamba aliimba Kiswahili, na akaimba mambo ya watu wa Ng'ambo: mapenzi, umbea, dhuluma, mahakama. Mfano ni wimbo wake wa Kijiti. Unasimulia mauaji ya kweli ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam. Muuaji akatoroka kwenda bara, na waliokuja kuadhibiwa ni wanawake waliosimama kuwa mashahidi. Gazeti la kuwasemea watu wa Ng'ambo jambo kama hilo halikuwepo. Wimbo ndio uliosema, na watu wakaushika mpaka leo.

Alikuwa na maadui pia. Walimtungia wimbo wa kumdhihaki, kwamba katoka shamba na kaniki yake, hana sura wala nasaba, na bila hiyo sauti angekufa njaa. Yeye akawajibu kwa wimbo. Lakini shikeni hilo la sauti, maana hata waliomchukia walikubali kwamba sauti anayo. Sasa sisi leo tunamsikia akiwa na kila kitu ila sauti.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai, kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutoa santuri. Zikauzwa kwa maelfu, Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko. Mwenye gramafoni alikuwa anaiweka barazani au mgahawani, watu wanajaa. Akaalikwa tena Bombay miaka iliyofuata. Fikiria mtoto wa mfinyanzi wa Fumba, asiyejua kuandika jina lake, sauti yake iko Mombasa na yeye yuko Unguja, kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo ninapotaka tuingie kwenye ufundi kidogo. Msinikimbie.

Sauti ya Siti ilibanwa kabla kompyuta haijazaliwa. Santuri ya zama hizo ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa ile ya inchi 10 ulibeba dakika tatu hivi. Barazani wimbo mmoja uliweza kuendelea mpaka watu watosheke. Studio, dakika tatu, basi. Wimbo mrefu ulipunguzwa au ulikatwa nusu, ukageuza upande wa pili. Bahati yake nzuri, kurekodi kwa maikrofoni ya umeme kulikuwa kumeanza mwaka 1925, kwa hiyo hakulazimika kupigia kelele ndani ya pembe la bati kama waliomtangulia. Hata hivyo mitambo ya mwanzo ya umeme ilishika sauti za kuanzia hezi 100 hadi 5,000 hivi. Sikio la kijana mzima linafika hezi 20,000.

Utaniuliza, kwani kwenye hezi za juu kuna nini? Jibu: kuna herufi. Sauti za s, f na sh zinaishi huko juu. Mpigie mtu kwenye simu ya kawaida umtajie jina geni, atakuuliza ni s kama Salma au f kama Fatuma. Simu ya zamani ilikata kila kitu kinachozidi hezi 3,400 hivi, ndiyo maana. Sasa kwa mwimbaji wa Kiswahili, ambaye mali yake ni maneno, ukimkata huko juu unamla maneno. Fika na shika zinaanza kufanana.

Lakini mnunuzi wa mwaka 1928 hakuteseka sana. Wimbo alikuwa keshausikia barazani, mkasa anaujua, pengine hata Siti mwenyewe kamwona. Santuri ilipokosa neno, kichwa chake kilijaza. Sisi hatuna cha kujazia. Tuna faili tu.

Haya, tuje kwenye MP3. Hii ni kazi ya miaka mingi ya wahandisi, wengi wao wa taasisi ya Fraunhofer huko Ujerumani. Jina la mwisho la faili, hilo la nukta mp3, lilichaguliwa mwaka 1995. Kazi yake ni kupunguza. Sekunde moja ya muziki wa CD inachukua kilobiti 1,411. MP3 ya kawaida ya miaka ile ilichukua 128, yaani karibu sehemu moja tu kati ya 11. Zile kumi zimekwenda wapi? Nyingine zimepangwa kwa akili tu, lakini nyingi zimetupwa. Na hazirudi.

Inatupa nini? Inatupa kile inachodhani hutakisikia. Ukiwa umesimama karibu na mashine ya kusaga unga na mtu akanong'ona pembeni yako, humsikii. Sauti kubwa inaifunika ndogo. Programu inapekua wimbo kipande kwa kipande, inatafuta minong'ono iliyofunikwa, inaitupa au inaiandika kwa ukarakara. Ukiipa kilobiti za kutosha, inatupa kidogo na wengi wetu hatutambui. Ukiibana sana, inaanza kutupa hata vile unavyovisikia. Sauti za juu zinakatwa. Mkung'uto wa udi unatanguliwa na ukungu, kwa sababu kosa la hesabu limesambaa mpaka kabla ya mpigo wenyewe. Sauti ya mtu inakuwa kama inatoka chini ya maji.

Na jambo moja la ajabu. Mmoja wa mabingwa wa MP3, Karlheinz Brandenburg, aliutumia wimbo wa Tom's Diner wa Mmarekani Suzanne Vega kurekebishia kazi yake. Huo ni mwanamke anaimba peke yake, bila ala hata moja, na mwanzoni mtambo ulimharibu vibaya. Sauti ya mwanadamu haina pa kuficha makosa. Kila mmoja wetu ameisikia tangu tumboni, ikikosewa kidogo tu tunajua.

Sasa chukua sauti ya Siti, ambayo ipo ndani ya santuri yenye mikwaruzo. Mkwaruzo ni kama ile mashine ya kusaga, imewashwa mwanzo mpaka mwisho. Programu haijui kwamba mkwaruzo ni uchafu na Siti ndiye mwenye shughuli. Kwake vyote ni mawimbi. Kwa hiyo inagawa vile vilobiti vichache ilivyopewa: huyu mkwaruzo apate, na Siti apate. Kelele za ovyo ovyo ni ngumu sana kubana kwa sababu hazina mpangilio, kwa hiyo zinakula sana. Anayekosa ni Siti.

Na sasa maungamo yangu.

Mwaka 2006 mzee mmoja aliniazima santuri zake za zamani. Nikazirekodi kwenye kompyuta, nyimbo 12, kwa faili za WAV ambazo hazijabanwa. Kila wimbo ulikuwa megabaiti 16 hivi. Nilipozisikiliza, wallahi nilitulia. Mikwaruzo ilikuwepo, lakini nyuma yake mtu yupo. Pumzi unaisikia. Anavyoivuta herufi kabla ya kuiachia, unasikia.

Lakini mimi nikataka kuzipandisha kwenye mtandao, watu wapate. Kafe ilikuwa ya kulipia kwa dakika, laini inakwenda kwa mwendo wa kobe. Nikafanya mambo matatu. Kwanza nikachukua programu ya kusafisha kelele, nikaisukuma mpaka mwisho, mikwaruzo ikaisha yote. Nikajiona fundi. Kumbe ile programu ilipofuta mikwaruzo ilifuta na s na f na pumzi, maana vinaishi nyumba moja. Pili nikazibana mpaka kilobiti 32, kila wimbo ukawa chini ya megabaiti moja, zote 12 hazikufika megabaiti tisa. Tatu, kwa sababu kompyuta haikuwa yangu na nafasi ilikuwa inaisha, nikafuta zile za WAV.

Nyie wajuzi wa hesabu mtaniona mjinga, na mko sahihi. Santuri zile ni za njia moja, mono, hazina kushoto na kulia. Kwa kilobiti 128 zingetoka nzuri tu, jumla megabaiti 35. Niliokoa hela ya saa kadhaa za kafe.

Mzee yule alifariki. Santuri zimetengenezwa kwa lakiri, utomvu wa wadudu wa India unaochanganywa na unga wa mawe, na zikidondoka zinavunjika kama sahani. Wakati wa kuhama nyumba sanduku lilianguka. Kwa hiyo kilichobaki cha nakala zile ni faili zangu zenye majina ya makosa. Na hazikubaki hivyo hivyo. Kuna aliyezigeuza kuwa milio ya simu. Kuna aliyezitia kwenye video, mtandao wa video ukazibana kwa njia yake, mwingine akazitoa humo na kuzibana tena kuwa MP3. Nimekuta moja imeandikwa 320 na sifa nyingi za ubora. Wadau, kumimina kikombe cha maji ndani ya pipa hakulifanyi pipa lijae. Kilichotupwa kwenye 32 hakirudi kwa kuandika 320. Kila kubana kunatupa juu ya kilichokwisha kutupwa.

Simlaumu MP3, msinielewe vibaya. Bila kubanwa, yule kijana wa kafe asingemsikia Siti kabisa. Hata santuri nayo ilimbana, na bila santuri tusingekuwa na chochote. Siti mwenyewe alikubali dakika tatu ili afike Mombasa. Tofauti ni kwamba wakati santuri inamkata, yeye mwenyewe alikuwa hai, jioni anaimba wimbo mzima. Kosa langu halikuwa kubana. Kosa lilikuwa kufuta ile ambayo haijabanwa.

Nimalizie habari yake. Miaka ya 1930 dunia ikaingia kwenye mdororo wa uchumi, biashara ya santuri ikayumba. Siti akaendelea kuimba, na wadogo wakajifunza kwake, akiwemo Bi Kidude, ambaye aliubeba ule mtindo mpaka alipofariki mwaka 2013. Mwandishi Shaaban Robert alimfuata Siti mwenyewe, akaandika maisha yake katika Wasifu wa Siti binti Saad. Kitabafute, kitafuteni, kinasomeka. Siti akafariki tarehe 8 Julai 1950. Maneno yake tunayo vitabuni, na waimbaji wanayarudia. Ila jinsi koo lile lilivyoyasema, hilo lilibaki kwenye vipande vya lakiri, na vipande hivyo vinapungua kila mwaka.

Kwa hiyo nina ombi. Kama kwenu kuna santuri za zamani chini ya kitanda cha bibi, za Siti au za yeyote, fanyeni hivi:

1. Msizipige kwa sindano ya santuri za kisasa. Mifereji ya santuri za 78 ni mipana, zinataka sindano nene ya kwake. Sindano za chuma za gramafoni nazo zinazila. Tafuteni fundi mwenye sindano sahihi, zipigwe mara moja, zirekodiwe.

2. Hifadhini WAV, au FLAC. FLAC ipo tangu mwaka 2001, inabana mpaka karibu nusu na haitupi hata chembe. Ukiifungua unapata kile kile.

3. Msisafishe nakala ya kwanza. Mikwaruzo iacheni. Kesho atakuja mwenye programu bora kuliko yenu, atakuta kitu cha kusafisha.

4. Wekeni nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Baada ya hapo baneni mtakavyo. Mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni kama dokumenti ili faili ifike kama ilivyo.

Nimesahau kuwaambia mwisho wa kisa cha kafe. Sikuweza kukaa kimya. Nilimgusa yule kijana begani, nikamweleza yote, kwamba bibi hakuimba hivyo, ni mimi nilimbana. Alinisikiliza vizuri, heshima zote. Halafu akatoa fleshi yake mfukoni, akaniomba basi nimwekee ile nzuri.

Sina.

Mwenye nayo, au mwenye bibi mwenye sanduku, aandike kwenye maoni hapo chini. Naomba kuwasilisha.